Mteja Si Paneli

Wiki ya difensi ikikaribia, korido za kitivo chetu hubadilika. Watu wanatembea na suti za kuazima, midomo inacheza peke yake, kila mmoja anajizoesha majibu. "Wakikuuliza kwa nini umetumia hii na si ile, waambie hivi. Wakikubana kwenye usalama, wapeleke slaidi ya kumi na mbili." Anayejibu haraka bila kutetemeka anapata alama. Anayesema "hapo mmesema kweli, sikupafikiria" anakatwa. Ndivyo mchezo ulivyo, na sote tunaujua.

Mchezo huo una kazi yake, siupingi. Msomi lazima aweze kusimamia alichoandika. Shida inaanza siku tunapotoka nao getini. Mwanafunzi aliyefundwa miaka mitatu kudifendi anaichukua programu yake, anampelekea mama anayeuza mahindi, mama anaitazama kidogo na kusema, "Hii mwanangu haitanifaa." Basi kijana anafanya anachokijua: anadifendi. Anaeleza kwamba mama hajaiona vizuri, kwamba kuna kitufe kingine hapa chini, kwamba hata nchi za wenzetu wanatumia. Mama anamwangalia, anatabasamu, anasema "haya." Kijana anaondoka ameshinda hoja. Mama amebaki palepale alipokuwa, ila sasa hatasema tena.

Makala hii inawahusu hao wanaosema "haitanifaa" kabla hawajatoa hata shilingi moja. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu wa namna hiyo anakupa habari za maisha yake, wala hajakaa kuhukumu akili yako. Ukimjibu kama paneli, habari imekupita, na habari hiyo huwezi kuipata maktaba.

Fomu yenye visanduku vitatu

Mimi ni wa Kabungu, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Kwa msiojua (na mko wengi, maana kila nikitaja Katavi mtu ananiuliza kama tunaishi na viboko), mkoa wetu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao makuu yake ni Mpanda, na Kabungu ni kata ya wakulima. Tunalima mahindi, mpunga, karanga, tumbaku. Wabende ndio wenyeji wa siku nyingi, lakini utakuta Wafipa, Waha, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Ukisikia watu wanabishana kwa Kiswahili pale sokoni, ujue wengi wameacha lugha nyingine nyumbani.

Likizo ndefu iliyopita kampuni moja ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, ilikuwa inatafuta wanafunzi wenyeji wa mikoa ya pembezoni. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaonyesha wakulima programu ya bei za mazao kabla haijaanza kulipiwa, na kukusanya maoni yao. Posho ilikuwa ya kueleweka, nauli walitoa wao, na mimi nilikuwa naenda nyumbani hata hivyo. Nikapewa fulana, simu yenye programu, na rundo la fomu.

Fomu ilikuwa na swali kuu moja: mkulima ameionaje huduma? Visanduku vya kuweka tiki vilikuwa vitatu. Amependa sana. Amependa. Hajaelewa.

Hebu isome tena. Hakukuwa na kisanduku cha mtu aliyeelewa vizuri kabisa na hakupenda. Aliyeitunga fomu ile alishaamua, akiwa kwenye kiyoyozi chake, kwamba mtu pekee anayeweza kuikataa programu ni yule asiyeielewa. Nilimpigia msimamizi wetu kumuuliza huyo mtu wa aina ya nne nimweke wapi. Akajibu, "Huyo mwelimishe kwanza." Nikaenda dukani nikanunua kaunta buku, nikawa naandika humo maneno ya watu kama walivyoyasema. Fomu zilikwenda Dar. Kaunta buku ninalo mpaka leo.

Walichosema

Baba mdogo alikuwa wa kwanza, kwa sababu ndiye niliyefikia kwake. Programu ilionyesha bei ya mahindi Mpanda kwa kilo, na chini yake bei ya gunia la kilo mia. Akaitazama mara moja tu. "Hilo gunia la kilo mia umeliona wapi hapa?" Nikanyamaza, nikashika kalamu. Akaendelea: mnunuzi anakuja shambani na magunia yake mwenyewe, anajaza mpaka gunia linavimba, halafu anashonea nyongeza juu. Lumbesa. Bei anayoitaja ni ya gunia, na ukubwa wa gunia anaupanga yeye.

Tufanye hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Gunia la kilo 100 kwa shilingi 60,000 ni sawa na shilingi 600 kwa kilo. Lumbesa ya kilo 120 kwa hizohizo 60,000 ni shilingi 500 kwa kilo. Mkulima anaangalia simu, anaona gunia ni 60,000. Anaangalia alicholipwa, ni 60,000. Programu inamhakikishia kwamba amepata bei ya soko. Kumbe kilo 20 zimekwenda bure, ambazo kwa bei ileile ya 600 ni shilingi 12,000. Lumbesa imekatazwa, na Wakala wa Vipimo wameipigia kelele miaka nenda miaka rudi, na bado ipo. Programu iliyotengenezwa na mtu asiyeijua lumbesa ilikuwa inamsaidia mnunuzi kushona gunia.

Shangazi hakufika hata kwenye bei. "Simu kubwa humu ndani ni moja, ya kijana wangu, na kijana yuko kwenye bodaboda. Kwa hiyo hiyo bei yenu nayo iko kwenye bodaboda. Ikirudi saa mbili usiku mnunuzi ameshaondoka." Yeye ana kitochi, anakichaji kwa mwenye duka aliyefunga sola. Kwenye fomu ya kampuni kaya yake ilijazwa kwamba ina simu janja. Ni kweli inayo, ila haishindi nyumbani.

Jirani yetu, mzee mpole ambaye nimemwamkia shikamoo tangu sijaanza shule, alinisikiliza mpaka mwisho. Programu ilikuwa na mchoro wa kuvutia wa mwenendo wa bei, mstari unapanda kuanzia mavuno mpaka masika. Akasema, "Mwanangu, mimi bei naijua. Najua ikifika Januari itapanda, hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Ila mimi nauza Julai, kwa sababu Julai nadaiwa mbolea na mjukuu wako anaripoti kidato cha tano." (Ananitania, mjukuu ni wake.) Kwake mchoro ule ulikuwa sawa na kumwonyesha mwenye njaa picha ya pilau. Alichokosa ni pesa ya kusubiria, na hiyo haimo kwenye simu.

Mama mwenye mashine ya kusaga ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Kabla hujaona bei hata moja, programu ilitaka jina kamili, namba ya simu, namba ya NIDA na ukubwa wa shamba. Akanirudishia simu. "Ninyi mnataka kujua shamba langu kabla mimi sijajua ninyi ni nani?" Ukumbuke anaishi nchi ambayo kila mwenye laini ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Sidhani kama ameisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini hoja yake imo mle: taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka, na zisizidi zinazohitajika. Kampuni yenye mwanasheria ilikuwa inafundishwa sheria mashineni, bure.

Vijana wa kijiweni wao walikuwa na ombi moja. "Weka na mikeka humo, tutaifungua kila siku." Nimeliandika pia, nitalirudia.

Na sasa wale wengi zaidi: hao hawakukosoa chochote. "Ni nzuri sana mwanangu. Mungu awabariki, someni kwa bidii." Kwetu mtoto wa mtu akija na kitu chake humvunji moyo mbele za watu, hiyo ni adabu tu. Nikiwauliza swali la pili, "Kesho utaifungua saa ngapi?", wanacheka, tunaongea habari za mvua. Wote hao kwenye fomu waliingia Amependa sana.

Baadaye tukatumiwa pongezi kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba wakulima wameipokea huduma vizuri mno. Miezi michache mbele, bei ndani ya programu zikaacha kubadilika. Mpaka leo ukiifungua inakuonyesha bei ya siku ambayo sote tumeshaisahau.

Ningekuwa mtu wa kuja na kuondoka, habari ingeishia hapo. Lakini kampuni iko Dar, na anayerudi Kabungu ni mimi. Nikifika, watu wananiuliza ile simu yenu iliishia wapi, yale tuliyowaambia mliyapeleka wapi. Baba mdogo aliacha palizi asubuhi nzima kunieleza lumbesa. Mtu ukimsumbua aseme ukweli, halafu ukweli wake ukatupwa, kijana mwingine akija na programu yake, hata kama ni nzuri, atapewa lile jibu la adabu. "Ni nzuri mwanangu." Hapo ndipo tunapoharibiana kazi sisi kwa sisi.

Mfano ulio mfukoni mwako

Kuna wanaodhani kuwasikiliza watu ambao hata hawajawa wateja ni kupoteza muda. Hao watoe simu mfukoni, wapige *150*00#, halafu wasome huduma ile ilivyozaliwa.

Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walianza kuijaribu M-Pesa nchini Kenya, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Wazo la kwanza halikuwa watu kutumiana pesa. Lilikuwa mwanakikundi aliyekopa aweze kupokea na kulipa mkopo wake kwa simu. Walianza na watu kama 500, maeneo ya Nairobi na Thika. Wale watu wakaanza kufanya ya kwao. Kuna waliolipa mkopo wa mwenzao kama malipo ya kazi fulani. Kuna wafanyabiashara waliogeuza simu kuwa kabati la kulaza mauzo ya jioni, maana benki ilishafungwa. Kuna waliokuwa wanaweka pesa kwa wakala mji huu, wanasafiri mifuko mitupu, na kuzitoa mji wa pili. Na taasisi yenyewe ya mikopo ilikuwa na shida zake: hesabu zilisumbua kuoanishwa na mfumo, na kulikuwa na hofu kwamba mtu akishalipa kwa simu haji tena kwenye mkutano wa kikundi.

Fikiria wewe ndiye uliyeijenga. Umetafuta fedha, umejenga mfumo wa mikopo, na watu wa majaribio wanautumia hata kwa mambo ambayo hukuyakusudia, huku mshirika wako analalamika. Ungeweza kuwaandalia semina ya matumizi sahihi. Ungeweza kuandika "Hajaelewa." Wale waliokuwa kwenye mradi, Nick Hughes na Susie Lonie, walikaa na yale waliyoyaona, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 mikopo haikuwa tena mbele. Kilichokuwa mbele ni kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata, 2008, Vodacom wakaileta Tanzania. Leo boom likichelewa unajua mwenyewe mama anakutumia kwa njia gani.

Wale 500 hawakuandika barua ya malalamiko. Waliitumia walivyotaka, na hiyo nayo ilikuwa lugha. Kazi ilikuwa ni kuwepo mtu wa kuisikia.

Kukosolewa kunavyofanyiwa kazi

Tulipoanza projekti ya mwaka wa mwisho, kundi letu la watu wanne tulilichukua lile kaunta buku, tukakaa nalo usiku mmoja bwenini, tukaligawa katika mafungu matatu. Sidai kwamba tumegundua mbinu mpya. Nawaeleza kwa sababu imetusaidia kutogombana.

Fungu la kwanza tuliliita habari. Hapa yanaingia mambo yanayohusu maisha ya mtu, ambayo yangekuwepo hata kama programu isingekuwepo: lumbesa, simu iliyoko kwenye bodaboda, kidato cha tano Julai. Habari huibishii. Huwezi kumwambia shangazi kwamba simu haiko kwenye bodaboda. Unachoweza ni kuuliza iendelee: mara ya mwisho uliuza lini, nani alikuja, alikulipaje, ulimjuaje? Mwandishi mmoja, Rob Fitzpatrick, ana kitabu cha mwaka 2013 kiitwacho The Mom Test chenye wazo hilihili, kwamba usimuulize hata mama yako kama wazo lako ni zuri, muulize anavyoishi. Baba mdogo hajakisoma, ila ukimuuliza mara ya mwisho alivyouza mahindi, chukua kigoda.

Fungu la pili ni maombi. Weka mikeka, weka namba za wanunuzi, weka Kisukuma. Ombi usilitekeleze moja kwa moja wala usilitupe. Chimba chini yake. Mzee aliyetaka Kisukuma, ukimfuatilia, Kiswahili anakijua vizuri sana. Hasomi. Alikuwa anaomba kitu kinachoongea, na aibu ya kusema hasomi akaipitisha kwenye lugha. Aliyetaka namba za wanunuzi alikuwa anataka awepo mnunuzi wa pili ili wa kwanza asimpangie. Hapo utaona kwa nini M-Farm ya Kenya, iliyoanza mwaka 2010, haikuishia kutoa bei kwa ujumbe mfupi, ikaweka na huduma ya wakulima kuuza pamoja. Na mikeka? Tulichimba, chini tukakuta mikeka. Kuna ombi ambalo jibu lake ni hapana, na hapana hiyo waambie wenyewe, usiwazungushe.

Fungu la tatu ni adabu. Hili usilihesabu kabisa. Usiliweke kwenye ripoti, usilitengenezee chati ya duara. "Ni nzuri" ambayo haina saa, haina pesa na haina jambo ambalo mtu ataliacha ili atumie kitu chako, ipokee kwa shukrani, kama unavyopokea "karibu chakula" kwenye nyumba uliyoipita tu.

Baada ya kugawa tukachagua habari moja, lumbesa. Tukatengeneza kikokotoo kinachofanya kazi hata kwenye kitochi: unaingiza bei ya gunia na uzito wake, kinakuambia umeuza kilo kwa shilingi ngapi. Namba halisi ya huduma za menyu ina gharama ambazo boom haliwezi, kwa hiyo tukaijaribu kwenye mfumo wa majaribio wa Africa's Talking. Nikampigia baba mdogo, nikawa namsomea menyu moja baada ya nyingine, mimi ndiye mtandao. Ingiza bei ya gunia. Akataja. Ingiza uzito wa gunia kwa kilo.

Kimya. Halafu: "Uzito nautoa wapi? Mzani uko wapi?"

Mwenzetu mmoja akanong'ona tubadilishe iwe kwa debe. Nikamuuliza baba mdogo. Akacheka kweli. "Debe la kununulia na debe la kuuzia ni debe moja?"

Paneli ingeuliza swali lile tungekuwa na jibu: tungesema uzito unakadiriwa, na kwamba hayo ni mapungufu yatakayofanyiwa kazi baadaye. Lakini tulikuwa tunaongea na mtu mwenye mahindi yake. Alichotuambia ni kwamba anahitaji mzani kwanza, wa kikundi, usioshikwa na mnunuzi, na mzani hauandikwi kwa kodi. Tukamwambia hivyohivyo: baba mdogo, hiki chetu bila mzani hakikusaidii, na mzani hatuna. Akasema sawa, angalau mmesema. Tumebadilisha andiko letu. Sasa kikokotoo ni cha chama cha ushirika chenye mzani tayari, na kuna ukurasa mzima unaoeleza kwa nini hakimfai mkulima anayeuzia shambani peke yake. Supavaiza alipousoma alituuliza, "Sasa hapa mnadifendi nini?" Ni swali la haki. Huenda ukurasa huo utatugharimu alama. Tumekubaliana ubaki.

Hatua ya mwisho ndiyo ambayo wengi wetu tunairuka, ya kurudi kwa aliyekukosoa. Si lazima ukatekeleze alichosema. Rudi umwambie mambo matatu: hiki tumekifanya, hiki hatutakifanya, na sababu ni hii. Kwa simu inachukua dakika tano na vocha ya kawaida. Mama wa mashine nilipompigia kumwambia kwamba chetu hakiulizi jina wala NIDA, alinitajia mapungufu mengine mawili hapohapo. Mtu hakupi mapungufu mawili ya ziada kama hajaanza kuona kitu chako kuwa na yeye kinamhusu.

Na hapa chuoni

Msiseme hayo ni ya Katavi. Tazameni tunachofanya wenyewe. Tangu Novemba 2023 Google wanamtaka mwenye akaunti mpya binafsi ya Play Store aijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo na kundi la watu kabla hajaiweka hadharani. Mwanzo walitaka watu 20, Desemba 2024 wakapunguza wawe 12. Lengo lilikuwa upate watu wa kukuambia ukweli mapema. Sisi tumefanyaje? Tumefungua makundi ya nijaribie nikujaribie. Watu 12 wanapakua programu ambayo hawana shida nayo, wanaiacha ikae siku 14, wanaandika "nzuri sana kaka," wanafuta. Adabu ileile, imehamia kwenye bando.

Wakati huohuo mama ntilie wa nje ya geti, ambaye programu yako ya kuagiza chakula inamtaja kwenye sentensi ya kwanza, hajawahi kuulizwa chochote. Mmoja nilimuuliza, akasema akipokea oda kwa simu mikono yake ina unga, na oda ikija saa saba mchana wali wa waliosimama foleni unaungua. Hiyo ni habari. Ilichukua muda wa kula sahani moja.

Najua kukosolewa kunauma, hasa ukiwa umekesha wiki tatu kwenye kitu na mtu anakiangalia nusu dakika. Wala sisemi kila anayekusema ana haki. Kuna mwenzako wa darasa anayeponda rangi kwa sababu yake haijakamilika. Kuna asiyenunua hata ukimpa bure, naye anapenda kuongea. Njia ya kuwatambua ni ileile: muulize mara ya mwisho shida hiyo ilimpata lini na alifanya nini. Mwenye shida ana hadithi yenye siku na kiasi cha pesa. Asiye nayo atarudi kwenye rangi.

Kwa hiyo kama projekti yako inamgusa mtu nje ya geti hili, wiki hii kabla hujarudia slaidi zako, tafuta watu watano wa kuikataa. Usiende na programu mkononi, nenda na kalamu. Akisema "haitanifaa," meza jibu lako, hata kama unalo na ni zuri. Muulize tu, "Kwa nini, mama?" halafu andika. Kaunta buku linauzwa pale stationari ya geti la pili, na kampuni ya Dar yenye fulana na posho haikuona umuhimu wa kununua hata moja.